Viazi vya Chupani

Dirisha la chumba kile nililipigilia misumari mwenyewe. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza baada ya kukabidhiwa ufunguo, na niliifanya kwa furaha, kwa kuwa sikujua bado ni nani nilikuwa namfungia ndani. Vumbi la Kintinku ni laini kama unga wa muhogo. Hupita chini ya mlango, hupita kwenye tundu la kitasa, na wakati wa kiangazi hulala juu ya kila kitu kabla jua halijapanda. Ndani ya vumbi hilo kuna mbegu za ukungu zisizoonekana kwa macho, na kazi niliyosomeshwa na taifa kuifanya haiwezekani mahali ambapo ukungu unaingia. Kwa hiyo nilipiga misumari, nikaziba nyufa kwa magazeti na uji wa ngano, nikatundika blanketi bichi mlangoni. Nilipomaliza, chumba kilikuwa na giza la kuwashia taa mchana na joto la kuumulia maandazi.

Kazi yenyewe naweza kuieleza kwa urahisi kuliko nilivyoweza kuifanya. Unaosha mikono kwa spiriti, unapitisha wembe kwenye moto, unakata kipande cha mmea kidogo kuliko punje ya mtama. Unakiweka ndani ya chupa yenye chakula kilichogandishwa kwa unga wa mwani: chumvichumvi za udongo, sukari, na matone ya homoni mbili. Kipande kile, kikiwa mbali na mmea kilikotoka, husahau kwamba kilikuwa jani au shina. Huvimba kikawa donge lisilo na umbo. Baada ya hapo, kutegemea homoni ipi imeizidi nyingine, donge hutoa mizizi, au hutoa machipukizi, au hubaki donge hadi life. Mwalimu wangu wa chuo kikuu alituambia kwamba hapo, katika uamuzi huo wa donge, ndipo mmea unapotuonyesha namna unavyojijenga. Nilimwamini. Bado ninamwamini.

Katika miaka ile mhitimu alikwenda alikopangiwa. Nilikuwa nimeomba kubaki chuoni niendelee na utafiti. Nikapangiwa kituo kidogo cha mazao huko Kintinku, chini ya ule mteremko mkuu wa bonde unaosimama upande wa magharibi kama ukuta. Mimi ni mtoto wa Mwankoko, pembeni ya mji wa Singida, na ofisa niliyemlalamikia mkoani alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Umerudishwa mkoani kwenu," alisema. "Unalia nini?"

Mlango mmoja tu ulikuwa umeachwa wazi. Siku ya kuagana, mwalimu wangu alinipa sanduku lenye homoni, unga wa mwani na chupa chache, akaniambia: "Nionyeshe mche mmoja uliotoka kwenye donge, uwe umesimama kwenye udongo, na uniambie ni mchanganyiko upi uliouotesha. Ukiniletea hayo mawili, nitakuombea urudi." Hayo mawili niliyarudia moyoni kama mtoto anavyorudia vitu alivyotumwa dukani.

Mkuu wa kituo hakunizuia. Alinipa chumba kilichokuwa ghala, pamoja na sharti lake. "Mvua zikikaribia, dada, chumba hiki ni cha mbegu," alisema. "Mbegu za wakulima. Hizi zako za chupa utazitafutia kwao."

Nilipangishwa kwa bibi mmoja mjane katika kijiji kipya, ambako nyumba zilisimama kwa mistari iliyonyooka kiasi kwamba mgeni aliweza kuingia nyumba isiyo yake na asitambue hadi asikie sauti. Bibi huyo alikuwa Mgogo. Makazi yake ya zamani yalikuwa kwenye kitako cha mteremko, tembe ndefu na ya chini ambamo ng'ombe walilala upande mmoja na watu upande mwingine. Siku ya kuhamishwa lori lilimbebea kitanda, jiwe la kusagia na kuku. Marando yake ya viazi vitamu hakumpa mtu ayabebe. Aliyafunga kwenye gunia bichi akayapakata hadi kijijini, na sasa yalikuwa nyuma ya jiko, yakiishi kwa maji ya kuoshea vyombo. Majani yalikuwa yamejikunja, madogo, yenye manjano. Yeye alisema yanakumbuka kwao. Mimi nilijua ugonjwa ule: hukaa ndani ya rando na kurithiwa na kila rando litakalotoka kwake, na ni ncha tu, pale mmea unapokua kwa kasi kuuzidi ugonjwa, ambayo wakati mwingine huwa safi.

Kiangazi kilikuwa kimeshika. Hapakuwa na kitu kingine cha kijani karibu.

"Shikamoo, bibi. Naomba ncha za marando yako."

"Marahaba. Za mboga?"

"Za kuotesha."

"Utaotesha wapi, mvua yenyewe bado?"

"Ndani ya chupa."

Alicheka hadi akashika nguzo ya jiko. Wagogo na sisi Wanyaturu ni watani, na tangu siku niliyoingia kwake hakuwa ameacha nafasi ya utani ipite. "Mnyaturu!" alisema. "Ardhi yote hii Mungu kaitandaza, ninyi mnalima chupani. Mkivuna mtakula viazi kwenye kizibo?"

Nikacheka nami. Kisha akaacha kucheka. "Chukua. Ila kwetu mbegu haichukuliwi ikapotea machoni pa mwenyewe. Ikichipua, mwenyewe huitwa. Akaione, aitemee maji."

Nilikubali kama mtu anavyokubali kurudisha sufuria. Desturi yenyewe niliifahamu. Hata kwetu wazee hubariki kwa maji ya mdomoni, hunyunyiza kwa mpulizo juu ya mtoto au juu ya mbegu, na maji hayo huachwa yakauke yenyewe bila kufutwa. Nilijiambia kwamba nitamletea mche ukiwa tayari kwenye kopo la udongo, na hapo atautemea atakavyo.

Madonge yalifanyika upesi. Kisha yakaanza kutoa mizizi, na hayakutoa kitu kingine. Nilipunguza homoni ya kwanza, nikaongeza ya pili, mizizi. Nikabadili sukari, mizizi. Kila asubuhi niliingia chini ya blanketi, nikasubiri macho yazoee taa, nikaona chupa za jemu zikiwa zimejaa nyuzi nyeupe zilizozunguka kioo zikitafuta pa kutokea. Kiumbe chenye miguu bila kichwa. Kulikuwa na siku ambazo niliketi mbele ya chupa hizo bila kugusa chochote, jasho likinidondoka kwenye kidevu, nikisikia treni ya kwenda pwani ikipiga honi stesheni. Sikutoka kwenda kuitazama. Treni ya mchana niliijua kwa sauti tu.

Nje, nilikuwa nimepata sifa. Sukari ilikuwa ya mgao, na duka la kijiji lilikuwa na agizo kutoka kituoni la kunitengea kidogo kwa ajili ya kazi. Kwenye foleni wanawake hawakunitukana. Walinisalimia vizuri mno.

"Dada wa chupa, za kwako? Wanao hawajambo?"

"Hawajambo."

"Chai wanakunywa saa ngapi? Tuwaletee na mihogo."

"Waache," mwingine alisema. "Sisi wetu wamezoea uji wa chumvi."

Nilicheka nao, kwa kuwa ilikuwa haki yao, na nikabeba kifuko changu cha sukari hadi chumbani kama mtu aliyebeba kitu cha wizi.

Kilichoniokoa kilikuwa madafu. Nilikumbuka mwalimu akisema kwamba maji ya dafu yana kitu kinacholazimisha chembe hai zigawanyike, kwa kuwa yameumbwa kumlisha mnazi mchanga. Kutoka Kintinku hadi mnazi wa karibu ni safari ya treni. Nilimwomba gadi mmoja wa treni, na aliporudi kutoka pwani alinishushia madafu ndani ya kikapu, akasema kwamba amebeba mizigo mingi maishani lakini hajawahi kupeleka madafu kwa viazi. Niliyachemsha maji yake, nikayachuja, nikayatia kwenye michanganyiko kadhaa, kila mmoja kwa kiasi chake. Juu ya kila chupa niliandika alama yake kwa penseli ya nta.

Siku zikapita. Asubuhi moja nikaona kwenye donge moja kitone cha kijani. Sikuamini kijani hicho hadi kesho yake, kilipofunguka kikawa jani lenye mkato katikati, umbo la jani la kiazi, dogo kama kucha ya mtoto. Kisha chupa nyingine ikatoa, na nyingine. Hazikuwa za mchanganyiko mmoja, na zilitofautiana wingi. Hapo ndipo utafiti wangu ulipokuwa, katika tofauti hiyo.

Gadi yule yule akaniletea ujumbe wa mdomo: mwalimu wangu angepita na treni akielekea Tabora, karibu na mwanzo wa mvua, na angenitafuta dirishani treni ikisimama.

Jioni ile nilimwambia bibi. Hakuna aliyenilazimisha, tulikuwa tunakula ugali wa uwele na mlenda, na furaha ilinitoka tu.

"Marando yako yamechipua, bibi."

Akaweka tonge chini. "Basi kesho."

"Ngoja yatoke chupani. Nitakuletea hapa hapa nyumbani."

"Mtoto husubiri aote meno ndipo bibi yake amwone?"

"Mule ndani hakuingii watu, bibi. Ni hatari kwa mimea."

"Mimi ni watu?" aliuliza.

Nilipanga, basi, aje wakati nikihamishia machipukizi kwenye chupa za kuoteshea mizizi, aketi kwenye kigoda karibu na mlango, aone kwa mbali, aende. Alikuja akiwa amevaa kanga safi, na kibuyu kidogo mkononi. Nilidhani ni maji yake ya kunywa. Joto lilikuwa kali na alikuwa mzee. Akapenya chini ya blanketi, akaketi. Mimi nikaendelea. Chupa zote zilikuwa wazi mbele yangu ndani ya sanduku la mbao lenye kioo nililofanyia kazi, lililo wazi upande wangu, vizibo vya pamba vimetolewa, taa ya spiriti ikiwaka.

"Ndivyo vyenyewe hivyo?"

"Ndivyo, bibi."

Nilisikia kigoda kikisogea. Nilipogeuka alikuwa ameshainama juu ya bega langu. Maji yalitoka mdomoni mwake kwa mpulizo mwembamba, mpana, wa mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote, yakatua juu ya chupa, juu ya machipukizi, juu ya mikono yangu. Yalikuwa na unga kidogo wa mtama. Taa ya spiriti ilizimika.

"Mkue," aliyaambia. "Mjae, mtambae, msikumbuke nyuma." Kisha akaniambia mimi: "Usifute. Yakauke yenyewe."

Akarudi kwenye kigoda, akaketi kusubiri.

Nilisema, "Asante, bibi." Nililelewa hivyo, maneno yalitoka yenyewe. Nilijua kwamba nikizichukua chupa wakati ule ule, nikaosha kila chipukizi kwa dawa ya kuondolea madoa, kila chupa kwa zamu yake, karibu yote yangepona. Nilijua pia kwamba siwezi kunyanyua mkono. Marando yalikuwa yake, nyumba niliyolala ilikuwa yake, na aliyoyasema yalikuwa mazuri kuliko yote niliyotamkiwa tangu nishuke stesheni ya Kintinku. Nilikuwa na elimu ya kutosha kumweleza habari za ukungu. Sikuwa na mahali pa kuanzia.

Kwa hiyo tulikaa. Na maji hayakukauka. Yangekaukaje? Nilikuwa nimeziba kila ufa. Blanketi lilikuwa bichi. Ndani ya chumba kile hata jasho langu halikujua pa kwenda. Matone yalikaa juu ya vioo yaking'aa, chembe za unga zikianza kuvimba ndani yake, na mimi nikiyatazama moja moja.

"Humu hamna upepo," bibi alisema.

"Hamna."

"Unaishije?"

"Nafanya kazi tu, bibi."

"Hata tembe yangu ilikuwa na tundu la moshi." Akatazama dirisha na misumari yake. "Nani kakufungia?"

"Nimejifungia mwenyewe."

"Mnyaturu," alisema kwa upole, akatikisa kichwa, kama mtu aliyesikia habari za msiba wa mbali.

Akanisimulia rando lilikotoka. Alipewa na mama mkwe wake alipoolewa, naye huyo alipewa na dada yake aliyelitoa upande wa Mgori, mbali huko kwetu Singida, alikokuwa ameolewa. Kila aliyelitoa aliitwa akalitemee maji likichipua. "Hili halijawahi kufa mkononi mwa mtu," alisema. Nilimsikiliza. Sina hakika kama nilimsikia. Taa niliiwasha tena, moto wake ukasimama wima bila kutikisika, na kwa mara ya kwanza nilitamani mtu yeyote afungue mlango.

Alipoondoka, jua lilikuwa limegeukia upande wa mteremko. Sikuwa tena na muda wa chupa moja moja. Niliyachomoa machipukizi yote, nikayatia pamoja kwenye beseni moja la dawa, nikayasuuza. Mengine yaligeuka meupe papo hapo. Yaliyobaki kijani nilijaribu kuyarudisha kwenye chupa mpya, na siku chache baadaye ukungu ulifunika chakula chote, wa kijivu na wa waridi, laini kama manyoya ya kifaranga. Nikayachomoa tena. Sasa njia iliyobaki ilikuwa udongo, kabla hayajawa tayari kwa udongo. Mmea uliokulia chupani hauna ngozi ya kuzuia maji yake yasitoroke. Ukiutoa ghafla hunywea mbele ya macho yako. Nilichemsha mchanga wa korongoni, nikaujaza kwenye makopo ya maziwa, nikapanda, nikafunika kila kopo kwa chupa ya jemu iliyopinduliwa. Kila siku niliinua ukingo wa chupa kidogo, nikaweka kijiti chini yake ili hewa iingie.

Ulibaki mche mmoja. Ulisimama.

Niliubeba hadi stesheni ndani ya kikapu cha madafu, ukiwa chini ya kioo chake. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mteremko tangu asubuhi. Treni iliposimama, wauzaji wa kuku na mayai walikimbilia madirisha, nami nikakimbia nao, na mwalimu wangu akanyoosha mkono kutoka behewa la katikati. Aliinua chupa, akatazama mche kwa muda mrefu, akageuza kopo, akatazama tena. Nilimwona akifurahi. Hilo sitalisahau.

"Kutoka kwenye donge?"

"Kutoka kwenye donge."

"Mchanganyiko upi?"

Nilikuwa na jibu. Nilijua chupa zipi zilikuwa na machipukizi mengi zaidi, na yeyote angebahatisha angetaja mchanganyiko huo. Huenda ungekuwa ndio. Kuku walikuwa wanapiga kelele pembeni yangu. Alikuwa akisubiri, tayari na kalamu.

"Sijui, mwalimu."

"Hujui?"

"Machipukizi yalichanganyika. Niliyaosha pamoja."

"Kwa nini uliyaosha?"

Hilo nalo sikulijibu. Si kwamba nilimwonea aibu bibi. Niliona tu kwamba maneno yale ya baraka, yakipita katika dirisha lile, yangekuwa kichekesho cha safari, na sikutaka yawe hivyo.

Aliirudisha chupa juu ya kopo, taratibu, akanikabidhi kikapu. "Ni mche mzuri wa kiazi," alisema. Hakusema kwa ukali. "Anza tena. Safari hii moja moja." Treni ikatikisika, nikatembea nayo hatua chache, kama watu wanavyofanya, halafu nikasimama.

Kuanza tena kulihitaji chumba. Mvua ya kwanza ilinyesha, magunia ya mbegu yakaja, na mkuu wa kituo akaniomba ning'oe misumari ili mbegu zipate hewa. Niliing'oa kwa koleo, mmoja baada ya mwingine. Nikapewa baiskeli na vijiji vya kuvizungukia, kuwaelekeza watu nafasi ya kupandia mtama. Kazi ya heshima, na niliifanya vizuri kwa miaka mingi kuliko nilivyokusudia. Leo, nikiwa na mvi, watu huniuliza kama nilikuwa na uchungu. Nilikuwa nao. Niliamka nao na kulala nao, na ulikuwa na umbo la mteremko ule wa magharibi: kila nilipoinua macho, upo.

Mche niliupanda nyuma ya jiko, mbali kidogo na marando yale ya zamani. Ulitambaa. Majani yake yalikuwa mapana, bapa, kijani kibichi bila manjano, na bibi hakushangaa hata kidogo.

"Si nilikwambia?" alisema.

Marando yake ya zamani yalikufa msimu ule. Asubuhi moja, udongo ukiwa bado na unyevu wa mvua ya usiku, alikuja nilipokuwa nafuta baiskeli. Alikuwa na jembe, na kibuyu.

"Mbukwa, Mnyaturu," alinisalimu kwa Kigogo. "Naomba ncha za marando yako."

"Yangu? Ni yako, bibi."

"Yangu yamekufa. Haya umeyaotesha wewe. Nikayapande huku mbele." Alikwisha kuyakata, kwa kweli, yalikuwa tayari kwenye tuta, yameanza kushika. "Yamechipua. Nimekuja kumwita mwenyewe."

Akanipa kibuyu. Nilisimama juu ya tuta.

"Na ujue," aliongeza, huku akitabasamu kwa jino moja la mbele, "kwetu aliyetemea mbegu haondoki kabla ya kuvuna."

"Na akiondoka?"

"Anarudi. Sasa utani umekushinda? Tema."

Nilijaza maji mdomoni. Yalikuwa vuguvugu, yenye ladha ya kibuyu na unga wa mtama. Bibi alinitazama akisubiri, na kutoka stesheni treni ikapiga honi. Kwa muda sikuyatema, wala sikuyameza.